Mhariri, hawa wanaotupandisha ngazi mbona hawarudi?

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako japo najua barua ndefu mnazikata, basi hii mkiikata kateni mwanzo, mwisho muuache.

Mwezi uliopita shehiani kwetu huku Wete walikuja vijana wawili, mmoja mwanamme mmoja mwanamke, na vishikwambi vyao, wamefuatana na mjumbe wa sheha, wanafanya utafiti wa watu waliowahi kuhama au wenye jamaa zao walohama, walipokewaje huko walikokwenda na sasa hali zao zikoje. Mie sina ugomvi na vijana wale, wallahi wana adabu, wamepiga hodi, wamevua viatu, yule msichana kamuamkia mama mdogo kwa kupiga goti. Mama mdogo yuko uwani anachambua karafuu na jina lake ndo lilotoka kwenye orodha yao, basi wakatandikiwa mkeka wakakaa.

Wakaanza. Umri, watoto, choo cha aina gani, paa la aina gani, hayo yakapita. Alafu kijana akasema, "Bibi, hebu fikiria kuna ngazi, chini kabisa ni sifuri na juu kabisa ni kumi, kule juu ni maisha mazuri kupita yote unoweza kuyapata wewe, na chini ni mabaya kupita yote, sasa leo wewe umesimama kidato cha ngapi?"

Mama mdogo akaacha karafuu. Akamtizama. "Mwanangu, ngazi yenyewe imeegemezwa wapi?"

Kijana akaangalia kishikwambi, kishikwambi hakina jibu la hilo. Akarudia swali vilevile neno kwa neno, mana nadhani ndo walivyofunzwa wasiongeze wala wasipunguze. Mama mdogo akasema magoti yake hayapandi ngazi siku hizi lakini kama ni lazma basi aandikiwe tano. Ikaandikwa tano. Jioni namuuliza, mama mdogo, kwanini tano? Akanambia, "Ah, yule mtoto alikuwa keshachoka na jua, n'kaona nimpe ya katikati aende zake."

Sasa Mhariri tano ile iko kwenye kompyuta ya mtu mahali fulani, na kesho kutwa itachorewa picha ya vijiti vya rangi.

Mbele wakauliza kuhusu "ustawi" wake. Kwetu sisi mtu mzima ukimtajia ustawi anakwenda moja kwa moja Ustawi wa Jamii, pale wanapopelekwa wanaume waliotoroka matumizi ya watoto, mama mdogo akajibu kwa hasira kuwa yeye mumewe hajamshtaki hata siku moja, Mungu amrehemu. Na "utangamano" ndo kabisa, akauliza kutangamana na nani. Watoto wale wakacheka, nami n'kacheka, lakini ndani yake halichekeshi.

Sababu ni hii, na hapa lazma nirudi nyuma kidogo. Sisi ni watu wa dago toka wazee wetu. Anojua Pemba anajua, hasa watu wa Kojani, kaskazi ikitulia mtu na nyavu zake na wenziwe wanavuka, wanapiga kambi pwani ya Kenya, Vanga, Shimoni, mpaka Kilifi huko, wanavua, wanauza, wanarudi, na wengine hawarudi, wanaoa kulekule. Kwahiyo kuhama kwetu si habari mpya. Habari mpya ilikuwa Januari 2001. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000 na yale maandamano ya CUF ya tarehe 27 kupinga matokeo, watu waliuliwa hapa Pemba mchana kweupe, Human Rights Watch walihesabu wasiopungua 35 kwa Unguja na Pemba na waliojeruhiwa zaidi ya 600, na watu kama elfu mbili wakapanda mashua usiku wakavukia Shimoni. Nchi hii ilokuwa ikisifika kwa kupokea wakimbizi ikatoa wakimbizi wake. Mie nlikuwa na miaka kumi na tano, nlivuka na mama mdogo, mumewe na watoto watatu, tumelala juu ya nyavu zinonuka dagaa, na mpaka leo nikisikia harufu ile ya nyavu mbichi tumbo linanipanda.

Shimoni walitupokea watu, si vikaratasi. Bibi mmoja wa pale hata hatumjui alitupa chumba cha uwani na sufuria. Baadae ndo yakaja mashirika, na kupangiwa, na waliobaki wakapelekwa Dadaab, kule Garissa, jangwani, kambi ilofunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya Wasomali walokimbia vita. Hebu fikiri mtu wa Kojani umuweke Dadaab. Mie na mama mdogo na watoto tulirudi baada ya Muafaka wa Oktoba 2001, yale makubaliano ya CCM na CUF, tukakuta nyumba haina mlango. Baba mdogo hakurudi. Yeye alisema hawezi kurudi na pia hawezi kukaa mahali hapana bahari, akaondoka na wenziwe kadhaa wakaingia Somalia mpaka Mogadishu, Mogadishu ile ya miaka ile, na risasi zake, kwa sababu tu kule kuna maji ya chumvi na mtu anaweza kutupa mshipi. Karudi mwaka 2012 pamoja na wale walorejeshwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Alikuwa keshazeeka.

Kwenye kambi tuliulizwa maswali mengi sana. Mko wangapi, nani mgonjwa, nani mjamzito, mmetoka wilaya gani, dini gani. Mie nlikuwa nasimama kwenye foleni nasikia. Hakuna hata mmoja alouliza, nyie mnajua kazi gani? Angeuliza hilo tu, mzee yule huenda asingekwenda kufia ujana wake Mogadishu.

Na hivi si kwamba watu hawajui kuuliza. Nenda kaone Wahutu wa Burundi walokuja mwaka 1972, wakakaa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu huko Tanzania bara wakalima mpaka wakawa wanalisha mikoa. Mwaka 2007 walihesabiwa na wakaulizwa waziwazi, mnataka kurudi kwenu au mnataka uraia wa hapa? Karibu wanne katika kila watano wakasema tunabaki. Ikachukua muda, kukawa na vituko, kwanza wakaambiwa watapata uraia lakini wahame kwenye makazi yao watawanywe mikoani, wao wakasema sasa huo uraia wa namna gani wa kuhamishwa tena, mwisho sharti hilo likaachwa na mwaka 2014 watu kama 162,000 wakapewa vyeti vyao. Swali moja, lilouliza mtu anataka nini.

Sasa ninachotaka kusema khasa Mhariri, mana naona nimezunguka. Kuna namna ya kufanya utafiti ambayo wenye shida wanakaa na watafiti toka mwanzo, wanatunga maswali pamoja, wanakusanya pamoja, wanasoma majibu pamoja, na kinachopatikana kinarudi kwao. Utafiti shirikishi. Vijana wa vyuo wanalitaja neno hilo kama limeshuka na ndege kutoka Ulaya juzi. Limetoka hapahapa Tanzania yakhe! Miaka ya sabini mwanamke mmoja wa Ufini, Marja-Liisa Swantz, alokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na alowahi kuishi na Wazaramo kijijini Bunju, ndo miongoni mwa walolianzisha, wakafanya mradi ukiitwa Jipemoyo kule Bagamoyo kuanzia 1975, wakikaa na Wakwere wakulima na Waparakuyo wafugaji, na watafiti wa Kitanzania pamoja nao. Na Budd Hall, ambae leo anajulikana Kanada, alilipata wazo hilohilo akifanya kazi Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pale Dar. Kwahiyo sisi tulowafunza wenzetu ndo leo tunaletewa ngazi isiyo na ukuta.

Wenzetu walilichukua wakalifanyia kazi. Kule Marekani, Albuquerque, kuna mwalimu wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Jessica Goodkind, mradi wao unamkutanisha mwanafunzi wa chuo na familia ya wakimbizi kwa miezi kama sita, na baadhi ya familia hizo ni watu wa Kongo na Burundi wanoongea Kiswahili kama mie na wewe, na mwanafunzi haendi kuhoji tu, anakwenda kufunza na kufunzwa, leo anamsaidia mama kusoma barua ya mwenye nyumba, kesho mama anamfundisha yeye. Na huko Boston mama mmoja, Theresa Betancourt, kafanya kazi na Wasomali Bantu na wakimbizi wa Bhutan, wanoingia majumbani kuzungumza na wazazi ni watu wa jamii hizohizo, wameajiriwa, wanalipwa, si wa kutafsiri tu.

Wasomali Bantu hao kwa asojua, wengi wao asili yao ni huku kwetu, mababu zao walitekwa pwani na bara yake karne ya 19 wakauzwa mpaka bonde la mto Juba, na mpaka leo wapo wanoongea Kizigua, Kizigua cha Handeni kabisa. Vita vilipowatoa Somalia mwaka 1991 wengine walikuja Tanga wakapewa ardhi Chogo, Handeni, kwao kwa mababu, na wengine wakapelekwa Marekani kuanzia 2003. Ndo mana nasema haya si mambo ya watu wengine.

Na la lugha nalo. Harare kuna daktari, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza kuwatumia mabibi kumi na nne wa mtaa wa Mbare kukaa na watu kwenye benchi na kuwasikiliza. Karatasi wanoitumia ilitungwa kwa Kishona kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe, maswali kumi na nne, na limo neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Na sisi si tunalo hilohilo? Muulize mtu Pemba kama ana "msongo" atakutizama, muulize kama ana mawazo atakwambia toka lini hajalala. Mama mdogo angeulizwa "mawazo yanakushika saa ngapi?" angesema saa nane za usiku, upepo ukigeuka, mana wakati huo ndo tuliopanda mashua. Haikuulizwa. Iliulizwa ngazi.

Sasa la sheha, na hapa najua kuna watakaonuna. Najua kibali lazma, najua mgeni hapiti shehiani bila ya sheha kujua na hilo ni sawa, si kila mwenye kishikwambi ni mtafiti, wengine matapeli. Lakini mjumbe akae mkekani na yeye anasikiliza? Walipomuuliza mama mdogo, bibi mwaka 2001 mlihama kwa sababu gani, mama mdogo akamtizama mjumbe, akatizama karafuu zake, akasema, "Biashara." Ikaandikwa biashara. Yule mjumbe mwenyewe kakaye alipigwa risasi ya mguu siku ileile, nae akatikisa kichwa kuwa ndiyo, biashara. Tano na biashara, ndo data ilotoka uwani kwetu.

Kinyume chake nikwambie nlichokiona upande wa pili. Nina binamu yangu Kilifi, kazaliwa kulekule, babaake alikwenda dago akaoa. Miaka yote hana kipande, yaani kitambulisho cha Kenya. Bila kipande huwezi leseni ya uvuvi, huwezi laini ya simu kwa jina lako, M-Pesa unatumia ya mke au ya jirani, ukikamatwa baharini wewe ni mgeni, mtoto akifika mtihani anaulizwa cheti cha kuzaliwa. Wapemba wa namna hiyo Kwale na Kilifi walikuwa wanakadiriwa elfu saba. Wamakonde wa kule waliwatangulia, mwaka 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho mpaka wakasikilizwa. Binamu yangu na wenziwe wao walizunguka na daftari, sio kishikwambi, daftari la mistari la skuli, nyumba kwa nyumba na diko kwa diko, pale wanaposhushia samaki, jina, kazaliwa wapi, baba alivuka mwaka gani na upepo upi, nani shahidi. Wazee waliogopa mwanzo, wakadhani orodha ile itapelekwa polisi, lakini anoandika ni mtoto wao, wakasema. Orodha kama zile zikafika kwa watu wa haki za binadamu na kwenye maofisi. Julai 2023 Rais Ruto akaenda Kilifi akawatambua Wapemba kuwa ni jamii ya Kenya. Binamu alinitumia picha ya kipande chake kwa wasapu, kakishika mbele ya uso, uso wenyewe hauonekani.

Sijasema daftari peke yake ndo lilofanya, siasa pia ilikuwemo. Lakini daftari lile lilijua kuuliza upepo.

Alafu jengine ambalo wasomaji wengine hawatalipenda. Tukisema wageni na wakimbizi tunajifikiria sisi tu tulohama. Je hawa wanokuja kwetu? Sensa ya 2022 ilituhesabu Zanzibar nzima 1,889,773, na nenda Nungwi, nenda Paje, nenda Fuoni, kajionee waliotoka Mwanza, Arusha, Kenya, wanopika hotelini, wanojenga, wanolinda. Tunawaitaje? Machogo. Mwenye nyumba anampangisha kwa bei ya juu, akiibiwa kuku mtaani anaanza kushukiwa yeye. Nlikuwa Unguja Ramadhani ilopita, nlikaa kwenye nyumba moja na kijana wa Shinyanga anofanya kazi ya zege, si Muislamu, lakini alikuwa anakula ndani mlango kafunga asije akaudhi watu, na magharibi hakuna alomkaribisha futari hata siku moja, siku kumi na mbili nilizokaa. Hata mie, nlimkaribisha siku ya tisa. Mie nilolala kwenye chumba cha bibi wa Shimoni.

Kwahiyo watafiti wakija wasituulize sisi tulohama tu, wamuulize na yule wa Shinyanga, na wamuulize mwenye nyumba wake pia, na swali walitunge na hao. Na wale vijana wanoajiriwa kudodosa wapewe ruhusa ya kuacha kishikwambi wakasikiliza. Pesa ya soda siitaki, wape waloandika. Muhimu wakimaliza warudi, si lazma na kitabu cha Kiingereza cha kurasa mia mbili, waje na mtu mmoja akae barazani baada ya laasiri, atwambie kwa Kiswahili, tulikuulizeni hili, mlisema hili, sisi tumefahamu hivi, je ndivyo? Hapo mama mdogo angepata nafasi ya kuifuta ile tano yake. Na ile biashara angalau angemnong'oneza msichana yule alompigia goti.

Mie katika umri wangu nimeshahojiwa mara nne, mara mbili kule kambini na mara mbili hapa nyumbani. Hakuna hata mmoja alorudi. Jamaa mmoja nlimuuliza mbona hamrudishi majibu, akanambia bajeti huwa inaishia kwenye kukusanya. Nikamwambia basi na sie tungeishia kwenye salamu.

Karatasi walomuachia mama mdogo, ile ya ridhaa, anayo. Hajui kusoma Kiingereza na nusu yake ni Kiingereza, lakini kaikunja vizuri kaiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na kadi ya mgao ya Dadaab ya marehemu baba mdogo na risiti za karafuu. Chini imeandikwa ukiwa na swali lolote piga nambari hii. Yeye analo swali, anataka kujua ngazi ile ilikuwa imeegemezwa wapi. Nimempigia mara tatu. Haipatikani.

Mpemba wa dago,
Wete, Pemba